Kijito Chajua Siri ya Mlima



Mtu aliyezaliwa Buleusa, au po pote katika Ikobo na nchi ya Walikale, hana haja ya kuelezwa kijito ni nini. Alioga humo alipokuwa mtoto, mama yake aliteka maji humo, na mihogo ya nyumbani kwao ililowekwa humo. Lakini kwa muda wa miaka mia na zaidi watu wengine wamevitazama vijito vya Kongo kwa macho mengine. Hawakutafuta maji, bali walitafuta kile kilicho chini ya maji. Leo twataka kueleza kazi hiyo ya kutafuta dhahabu vijitoni ilianzaje, hufanywaje, na kwa nini habari zake zatuhusu hata sisi tusioshika karai.

Kwa nini dhahabu hukaa kijitoni

Dhahabu haizaliwi mtoni. Kwao ni mlimani, ndani ya mishipa ya jiwe gumu jeupe. Jua na mvua huuvunjavunja mlima polepole, kwa muda wa miaka isiyohesabika, na maji huchukua vipande vyake kuviteremsha bondeni. Basi hapo ndipo uzito unapofanya kazi yake. Dhahabu hushinda maji ya ujazo ule ule kwa uzito mara 19, lakini mchanga wa kawaida huyashinda mara mbili na nusu tu. Ndiyo sababu maji huubeba mchanga na kwenda nao mbali, ila dhahabu huiacha njiani.

Huiacha wapi? Huiacha kila mahali mwendo wa maji unapolegea: upande wa ndani wa kona ya kijito, nyuma ya jiwe kubwa, kwenye mizizi ya miti, katika nyufa za mwamba. Zaidi ya yote huiacha chini kabisa, pale changarawe inapokutana na mwamba au udongo mgumu. Kwa hiyo mtafutaji mwenye akili hachoti mchanga wa juu. Huchimba shimo mpaka afike mwambani, kisha hutia changarawe katika karai, huizungusha majini kwa mikono miwili, na kuyaacha maji yachukue vilivyo vyepesi. Mwisho hubaki mchanga mweusi kidogo, na pengine katika huo mweusi huonekana chembe moja au mbili za manjano.

Si kila king'aacho ni dhahabu. Ulanga hung'aa sana katika vijito vyetu, lakini huelea na kuondoka na maji. Yako pia mawe ya manjano ambayo ukiyagonga kwa nyundo husagika kuwa unga. Dhahabu haisagiki, ukiigonga hutandazika tu.

Tena chembe zenyewe husema. Chembe yenye pembe kali haijasafiri mbali, kwao ni karibu. Chembe iliyo laini na bapa imeviringishwa na maji kwa safari ndefu. Basi mtafutaji hupanda na kijito kuelekea juu, akiosha karai baada ya karai na kuhesabu chembe za kila moja. Chembe zikizidi, huendelea. Zikikoma ghafula, hujua kwamba amekipita chanzo chake. Hurudi nyuma, na kuanza kuchimba mitaro katika kilima kilicho kando. Hivyo kijito humpeleka mtu mpaka mlangoni pa mlima.

Toka Kilo mpaka Kivu

Katika Kongo habari hii ilianza kaskazini, huko Ituri. Mwaka 1903, nchi ilipokuwa bado chini ya Mfalme Leopold II wa Wabelgiji, Waaustralia wawili walioitwa Hannan na O'Brien waliona dhahabu katika kijito cha Agola, karibu na Kilo. Mwaka 1905 ilianza kutolewa. Mwaka 1906 dhahabu nyingine ilionekana Moto, na kwa majina hayo mawili yakajulikana machimbo makuu ya Kilo-Moto.

Majina ya Hannan na O'Brien yameandikwa katika vitabu vingi. Lakini watu wawili hawawezi kufunua nchi nzima ya milima na misitu. Walikuwapo waliowaonyesha njia, waliochukua mizigo kichwani, waliochimba mashimo na kusimama majini kutwa. Hao walikuwa wenyeji, na majina yao hayakuandikwa. Tena machimbo yalipokua, machifu walitakiwa kutoa watu wa kazi na vyakula vya kuwalisha, na wengi hawakwenda kwa kupenda.

Kutoka Ituri hamu ya dhahabu ilishuka kusini. Mwaka 1923 iliundwa kampuni ya Minière des Grands Lacs, ambayo wazee waliizoea kwa herufi zake, MGL. Mwaka 1928 serikali ya Wabelgiji iliunda Halmashauri ya Taifa ya Kivu, ikaipa mamlaka juu ya ardhi na madini ya sehemu kubwa ya nchi hii. Katika miaka hiyo watafutaji waliosha mchanga wa mito ya Kamituga, kama Mobale na Luliaba, wakapata dhahabu. Walianza na changarawe ya mtoni. Baadaye walifuata mishipa yake ndani ya mlima, na Mobale likawa jina la mgodi wa chini ya ardhi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Twangiza, katika nchi ya Luhwindja, Kivu ya Kusini. Upo huko mto uitwao Mwana, na watu wa MGL walijua kwamba mchanga wake una dhahabu. Wakaufuata kuelekea juu, na mwaka 1957 wakafika kwenye mlima wa Twangiza, mahali dhahabu ile ilipotoka. Basi Mwana ndiye aliyewaonyesha mzazi wake! Miaka mingi ilipita, na mwaka 2011 kampuni ya Banro kutoka Kanada ilitoa pale dhahabu ya kwanza kwa mitambo mikubwa. Lakini wakati huo walikuwapo wachimbaji wadogo waliojipatia riziki katika mlima ule, nao walitakiwa kuondoka.

Dhahabu ni ya nani?

Hapa twafika penye jambo zito. Yule aliyesimama majini hakuwa mwenye dhahabu. Chini ya sheria ya kikoloni Mwafrika hakuruhusiwa kushika wala kuuza dhahabu isiyosafishwa. Alipewa mshahara mdogo na posho. Kama akionekana na chembe iliyotoka katika kijito cha babu zake, alihesabiwa kuwa mwizi.

Wala haikuwa hivyo Kongo peke yake. Mwaka 1931 dhahabu ilionekana upande wa Kakamega, katika Kenya, na Wazungu wengi wakakimbilia huko. Mwaka 1930 tu serikali ya Uingereza ilikuwa imewaahidi wenyeji kwa sheria kwamba ardhi yao ni yao daima, na kwamba sehemu yo yote ikichukuliwa watapewa ardhi nyingine badala yake. Dhahabu ilipoonekana, sheria ile iligeuzwa mwaka 1932, ili fedha zitoshe kuwa fidia. Ahadi ya daima haikudumu miaka mitatu.

Kwetu Kongo uhuru ulifika mwaka 1960, lakini mlango wa dhahabu haukufunguliwa siku ile. Mwaka 1976 MGL na kampuni nyingine za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Ni mwaka 1982, chini ya Rais Mobutu, ndipo sheria ilipowaruhusu wananchi kushika na kuuza dhahabu. Toka hapo vijana kwa maelfu walichukua sururu, beleshi na karai, wakaingia mabondeni. Wengine walifuata mashimo ya kale ya kampuni. Wengine walipanda vijito vipya, karai baada ya karai, sawasawa na walivyofanya watafutaji wa zamani. Ujuzi ule haukuwa umepotea. Watumishi wa kampuni waliwafundisha watoto wao.

Biashara nayo ikapata vipimo vyake. Dhahabu ilipimwa kwa tola, kipimo kilichotoka Uhindi, nayo ni gramu 11.66. Kwa dhahabu chache, njiti za kiberiti na sarafu za zamani ziliwekwa mizanini kuwa mawe ya kupimia. Mchimbaji asiyejua hesabu ya vipimo hivyo aliweza kupoteza jioni kwa mnunuzi nusu ya alichopata mchana.

Kisha zikaja vita, tangu mwaka 1996. Mahali pengi wenye bunduki waliketi njiani na kudai sehemu yao. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha kazi yote ya machimbo katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, ili kuwakatia njia hao. Marufuku iliondolewa Machi 2011. Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilikuwa imekwisha kumtambua mchimbaji mdogo, na kumtaka awe na kadi na kufanya kazi katika eneo lililotengwa. Lakini wengi walikuwa na karai tu, bila kadi.

Maji ya kesho

Jambo moja zaidi lataka kusemwa. Wachimbaji wengi hutumia zebaki. Zebaki hushikamana na chembe ndogo za dhahabu hata zikawa donge moja. Kisha donge huchomwa motoni, zebaki hugeuka moshi, na dhahabu hubaki. Moshi ule huingia kifuani mwa mchomaji, na mwa mkewe na watoto ikiwa anachoma jikoni. Ile inayomwagika kijitoni haipotei. Huingia matopeni, hugeuka sumu kali zaidi, samaki huipata, na mtu hula samaki.

Si jambo la kubuni. Katika mji wa Minamata, Ujapani, kiwanda kilimwaga baharini uchafu wenye zebaki. Mwaka 1956 iligunduliwa kwamba watu waliokula samaki wa pale wanashikwa na ugonjwa wa neva. Wengi walikufa, na watoto walizaliwa vilema ijapokuwa mama zao walionekana wazima. Ndiyo maana mapatano ya mataifa juu ya zebaki, ya mwaka 2013, yaliitwa kwa jina la mji ule.

Wale wa zamani waliohesabu chembe vijitoni waliziona bila zebaki, kwa karai na subira. Tena mchanga mweusi ambao ni wa chuma waweza kuondolewa kwa sumaku, na dhahabu ikabaki. Kazi hiyo ni ya polepole, kweli. Lakini maji ya vijito vya Walikale huteremka kwa wingi hadi mto Lowa, na Lowa huingia Lualaba. Anayechafua kijito juu anachafua sufuria za watu asiowajua.

Basi, msomaji mpenzi, ukiwa mchimbaji, jifunze mizani kabla hujauza, usichome zebaki nyumbani, na fukia shimo lako ukimaliza, asije mtoto akazama humo wakati wa mvua. Na ikiwa katika kijiji chako yuko mzee, au mtoto wa mzee, aliyefanya kazi ya MGL au SOMINKI, mwendee. Mwulize alisimama katika kijito gani, mwaka gani, na pamoja na nani. Andika majina hayo katika daftari. Majina ya wenye kampuni tunayo tayari.