Masega Yaliyo Chini ya Gari: Historia ya Konveta

Leo tuache tarakilishi juu ya meza na tulale chini ya gari. Mtu akitaka kubadilisha konveta ya gari dogo nyumbani, kile kikopo cha chuma kilicho katikati ya bomba la moshi, kazi yenyewe inaelezeka haraka. Bomba lipoe kabisa. Gari liinuliwe kwa jeki kisha liegemezwe kwenye stendi imara, maana jeki peke yake imeua watu. Nati zimwagiwe dawa ya kutu, sensa ya oksijeni ifunguliwe, kikopo cha zamani kitoke, gasketi mpya ziingie. Penye kutu nyingi, hayo yote huchukua siku nzima.

Kilichonivutia mimi ni historia ya kikopo hicho. Kilivumbuliwa mapema mno, kikakaa karibu miaka 20 bila kuingia kwenye magari ya watu, na sababu ilikuwa petroli.

Mhandisi Mfaransa Eugene Houdry, aliyependa sana magari ya mashindano, alihamia Marekani mwaka 1930. Jina alilipata kwa kutumia vichocheo vya kikemia kupasua mafuta mazito yawe petroli. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia aligeukia moshi. Los Angeles ilikuwa inafunikwa na ukungu mchafu, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu huo hutokea mwanga wa jua unapokutana na gesi zinazotoka kwenye magari na viwanda. Houdry akatengeneza kifaa cha kuunguza masalia ya moshi kwa kichocheo, na mwaka 1956 akapata hataza yake Marekani.

Kwenye gari la kawaida hakikufaa kitu. Tangu 1923 petroli ya Marekani ilikuwa ikiuzwa na risasi ndani yake, baada ya Thomas Midgley wa General Motors kugundua mwaka 1921 kwamba inazuia injini isigonge. Risasi ikitoka na moshi hukaa juu ya kichocheo na kukiziba, kikafa. Houdry alifariki mwaka 1962, na petroli ilikuwa bado na risasi.

Sheria ndiyo iliyovunja fundo hilo. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya mwaka 1970 ilitaka magari mapya yapunguze gesi fulani kwa asilimia 90. Watengenezaji walilia sana na wakaongezewa muda, lakini magari mengi ya Marekani ya modeli ya 1975 yalitoka na konveta. Kwa hiyo kuanzia Julai 1974 vituo vikubwa vya mafuta vililazimika kuuza petroli isiyo na risasi, na tundu la tangi la magari hayo likafanywa jembamba ili bomba la petroli ya risasi lisiingie. Sisi waandika programu tunajua thamani ya kumzuia mtumiaji mlangoni kabla hajaharibu kitu! Tazama kichekesho chake lakini: wafanyakazi walikuwa wamekufa kwa sumu ya risasi viwandani tangu 1924, na bado kilichoisukuma kutoka sokoni kwanza kilikuwa kulinda kikopo.

Honda ilipita njia nyingine. Civic yenye injini ya CVCC, modeli ya 1975, ilitimiza viwango bila konveta yoyote, kwa kuunguza mafuta vizuri zaidi ndani ya injini yenyewe. Kwangu huo ndio uhandisi safi zaidi wa muongo ule. Viwango vilipoendelea kukazwa, hata Honda ikafunga konveta.

Ndani ya kikopo mna sega la kauri lenye vitundu vingi vyembamba, kazi ya watafiti wa Corning, nalo hupakwa gramu chache za platinamu, paladiamu na rodiamu. Carl Keith na John Mooney wa kampuni ya Engelhard walitengeneza aina inayoshughulikia gesi tatu kwa pamoja, lakini hiyo hufanya kazi vizuri pale tu hewa na petroli zinapokaribia uwiano wa 14.7 kwa 1. Kabureta haikuweza kushika kipimo hicho. Volvo na Bosch wakaweka sensa ya oksijeni kwenye bomba, nayo ikawa inaiambia tarakilishi ndogo iongeze au ipunguze mafuta. Magari hayo yaliuzwa California kama modeli ya 1977.

Kwetu, petroli ya risasi ilikomeshwa mwanzoni mwa 2006, baada ya nchi za kusini mwa Sahara kukubaliana Dakar mwaka 2001. Kabla ya hapo, gari kutoka Japani likija na konveta nzima na kujazwa petroli ya risasi, konveta ilikuwa inakufa polepole. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

Mwaka huohuo rodiamu ilipita dola 20,000 kwa aunsi, wezi wakazidi kuingia chini ya magari na misumeno. Kwa hiyo fundi akikushauri "tuyatoe tu hayo masega", muulize yataenda wapi baadaye. Na moshi usiochujwa utavutwa na mtoto aliyebebwa mgongoni kando ya barabara.

Magari yanayouzwa Marekani tangu 1996 yana sensa ya pili baada ya konveta. Ikianza kupandapanda na kushuka kama ya kwanza, taa huwaka na msimbo P0420 huandikwa. Kabla ya kununua mpya, pima kwanza kama bomba linavuja, na kama plagi zote zinawasha. Petroli isiyoungua ikifika kwenye sega huungulia humohumo, kauri ikayeyuka, na konveta mpya itakufa kama ile uliyoitoa.