Fritz Thyssen: Tajiri wa chuma aliyemfadhili Hitler

Januari 26, 1932, ukumbi wa hoteli moja mjini Düsseldorf ulijaa wenye viwanda na wenye mabenki. Mgeni wao, Adolf Hitler, alivaa suti badala ya sare ya chama chake cha Nazi, akahutubia kwa zaidi ya saa mbili. Alipomaliza, Fritz Thyssen alisimama kumshukuru, akamalizia kwa saluti ya chama. Wengi waliondoka bila kumpa Hitler hata senti. Thyssen alikuwa amekwisha kumpa zamani.

Alizaliwa mwaka 1873, mtoto wa August Thyssen, aliyejenga himaya ya makaa ya mawe na chuma katika bonde la Ruhr. Wafaransa walipolivamia bonde hilo mwaka 1923, Fritz alikataa kuwatii, akashtakiwa mbele ya mahakama yao ya kijeshi. Machungu ya taifa kudhalilishwa, pamoja na hofu ya Ukomunisti, yalimsogeza kwa Hitler. Mwaka 1926 akawa mwenyekiti wa bodi ya Vereinigte Stahlwerke, kampuni kubwa kuliko zote za chuma barani Ulaya. Novemba 1932 alitia saini barua ya kumwomba Rais Hindenburg amteue Hitler kuwa chansela.

Aliyoyaomba aliyapata: Hitler akawa chansela. Mei 1933 vyama vya wafanyakazi vilivunjwa, naye akajiunga na chama cha Nazi. Ila hakupata sauti katika maamuzi. Kanisa Katoliki, alilokuwa muumini wake, liliandamwa. Novemba 1938 masinagogi yalipochomwa moto, alijiuzulu Baraza la Dola la Prussia. Vita vilipoanza mwaka uliofuata, alimpelekea Göring, msaidizi mkuu wa Hitler, telegramu ya kuvipinga, akakimbilia Uswisi. Serikali ikataifisha mali yake.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Baadaye alipokwenda Ufaransa alikamatwa, akarudishwa Ujerumani, na mwaka 1943 yeye na mkewe Amélie walipelekwa kambi ya Sachsenhausen, baadaye Buchenwald na Dachau. Wamarekani waliwakomboa kaskazini mwa Italia Mei 1945.

Mwaka 1948 alifikishwa mbele ya baraza la kuwachuja Wanazi. Mateso ya kambini hayakumwokoa na hatia: alihesabiwa mkosaji wa daraja la chini, akatozwa asilimia 15 ya mali yake. Alifariki Buenos Aires mwaka 1951, na sehemu kubwa ya utajiri uliotaifishwa ikarudi kwa familia yake. Maelfu ya wafungwa wa kambi zilezile hawakuwa na mali ya kurudishiwa, wala hawakuwahi kumchangia Hitler hata senti.