Wakati ujao katika Kiswahili

Wakati ujao ni njeo inayoonyesha tendo ambalo bado halijatendeka. Katika Kiswahili sanifu hubainishwa hasa kwa kiambishi -ta-, kinachofuata kiambishi cha nafsi: nitalima, watavuna. Tofauti na -na- na -li-, kiambishi hiki hakibadiliki katika ukanushi: sitalima, hawatavuna. Vitenzi vya silabi moja hubakiza ku-: atakuja, mtakula.

Katika virejeshi, -ta- huwa -taka-, kama katika “mvua itakayonyesha” na “tutakapofika Songwa”. Umbo hilo linaonyesha asili yake, yaani kitenzi taka. Kiingereza kimepitia njia hiyohiyo: kitenzi chake kisaidizi “will” kilikuwa na maana ya kutaka.

Zipo njia nyingine:

- -na- pamoja na kielezi, kwa jambo lililokwisha kupangwa: “Kesho tunakwenda Mwadui.”
- Kitenzi taka, kwa jambo lililo karibu kutokea: “Mvua inataka kunyesha.”
- -takuwa na -me-, kwa tendo litakalokuwa limekamilika: “Ifikapo Septemba watakuwa wamevuna pamba.”

Si kila -ta- huonyesha wakati ujao. “Saa hizi atakuwa mgodini” ni kisio kuhusu sasa.

Baadhi ya lugha za Kibantu, kama Kiganda, zina viambishi tofauti kwa wakati ujao wa karibu na wa mbali. Kiswahili sanifu hutumia -ta- kwa zote mbili, na umbali huonyeshwa kwa vielezi kama kesho, mtondo na mwakani.