Rada kutoka Mambrui hadi Ziwa Victoria

Nyamarambe, mji wa soko wa Mugirango Kusini katika Kaunti ya Kisii, hauna bandari, lakini mvua inyeshayo katika vilima vyake huteremkia Mto Gucha, ambao upande wa Migori huitwa Kuja, na mto huo huingia Ziwa Victoria karibu na Karungu. Historia ya vyombo vya ziwani, kwa hiyo, ni historia ya bonde hilo pia, kama ilivyodhihirika Septemba 1914, wakati askari wa Kijerumani walipoingia mji wa Kisii na meli zenye mizinga zikakabiliana Karungu. Novemba mwaka huohuo, meli ya Sybil ilipanda mwamba karibu na Majita, katika Tanzania ya leo, ikabaki pale hadi ilipookolewa mwaka 1915. Upimaji wa ziwa ulikuwa umeanzishwa na Kamanda Whitehouse mwaka 1898, lakini hata ramani nzuri haimwonyeshi nahodha mahali alipo usiku wa giza.

Pengo hilo lilikuja kuzibwa na rada, chombo kinachorusha mawimbi ya redio, kupokea mwangwi wake, na kukadiria umbali wa kitu kwa muda ambao mwangwi umechukua kurudi. Rada ilifika Kenya mapema kuliko wengi wanavyodhani: katikati ya mwaka 1940, kikosi cha Afrika Kusini kilisimamisha mtambo wa JB1 huko Mambrui, kaskazini mwa Malindi, ili kuzitambua mapema ndege za Waitalia. Mtambo huo ulitokana na kazi ya Basil Schonland na wenzake wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, waliopata mwangwi wao wa kwanza tarehe 16 Desemba 1939. Urefu wa wimbi lake ulizidi mita 3, hivyo antena zake zilikuwa kubwa, nazo zilizungushwa kwa mkono.

Chombo kikubwa namna hiyo kisingeweza kukaa kwenye mlingoti wa boti ya starehe. Kilichobadilisha hali ni magnetroni ya matundu, kifaa cha umeme cha kuzalisha mawimbi mafupi yenye nguvu, ambacho Randall na Boot walikibuni Birmingham mwaka huohuo wa 1940. Rada za boti ndogo leo hutumia mawimbi ya sentimita 3 hivi, kwa antena inayotosha ndani ya kuba la plastiki.

Udogo huo haukuondoa wajibu wa kuifunga vizuri, na hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Antena iliyo mita 4 juu ya maji huufikia uso wa maji hadi kilomita 8 hivi, na mlingoti ulio mbele yake huacha kivuli kisicho na mwangwi wowote. Mstari wa omo, yaani alama ya kioo inayoonyesha chombo kinakoelekea, hauna budi kulinganishwa na kitu kinachojulikana kilicho mbele moja kwa moja, kwa kuwa kosa la digrii 2 tu hukihamisha kisiwa kilicho umbali wa kilomita 6 kwa mita 200 hivi. Rada inayowaka kisha ikazimika mara inapoanza kurusha mawimbi, mara nyingi haijaharibika: nyaya ni nyembamba au ndefu mno, umeme wa betri ukapungua njiani, au viungio vimeingia unyevu na kutu.

Kosa la hatari zaidi, hata hivyo, hutokana na mkono wa mwendeshaji. Mawimbi ya ziwa nayo hurudisha mwangwi unaojaza madoadoa katikati ya kioo, na kuna kidhibiti cha kuyapunguza. Akikizidisha ili kioo kiwe safi, pamoja na madoadoa hufutika mtumbwi wa mbao, ambao mwangwi wake ni hafifu tangu mwanzo. Magugu maji, yanayoelea chini sana, pia huweza kupita bila kuonekana. Katika ziwa ambalo wavuvi wengi hutoka usiku kwa mitumbwi ya mbao, kioo kisicho na doa si ushahidi kwamba njia ni tupu. Mwenye boti ya starehe anayetoka Homa Bay au Karungu na aongeze kidhibiti hicho kidogokidogo, aweke mtu wa kutazama kwa macho, naye mvuvi afunge juu ya mtumbwi wake kiakisi cha bati chenye pembe, ambacho hurudisha mwangwi wenye nguvu kuliko mbao zote za chombo chake.