Kericho Wakati wa Mvua

Ukiuliza wenye kampuni za utalii ni lini uende Kericho, watakuambia Januari na Februari, ama ungoje katikati ya mwaka. Aprili na Mei, hapana. Barabara zinateleza, picha zinatoka za kijivu, na ule ukijani wa Insta unafunikwa na ukungu mpaka huoni hata mstari wa pili wa michai.

Mimi nasema nenda hiyo hiyo Mei. Beba koti na viatu ambavyo huvionei huruma.

Kwanza tuelewane kuhusu mvua yenyewe. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi kuna Ziwa Victoria linalotuma unyevu kila siku, upande wa mashariki kuna msitu wa Mau na vilima vyake vinavyouzuia usipite. Ndiyo maana Kericho haina kiangazi cha kusema ukweli. Asubuhi jua linawaka, anga safi, unaanza kujiuliza koti la nini. Saa nane mawingu yanajipanga, saa tisa yanamwaga. Mara nyingi yanamwaga mawe. Hapa ni miongoni mwa sehemu zinazojulikana duniani kwa kupigwa na mvua ya mawe mara nyingi mno, na mawe yakishuka, majani ya chai yanachanika na pesa ya mtu inaenda. Miaka ya 1960 wenye mashamba walirusha roketi, kisha ndege, kwenda kuyatibua mawingu kabla hayajagandisha mawe. Baadaye mwanasayansi mmoja, Russell Schnell, akaja na wazo kwamba huenda vumbi la majani ya chai yaliyooza, likipeperuka juu, ndilo linalosaidia barafu kujiunda. Yaani shamba linajipiga mawe lenyewe. Wazo hilo nalipenda kuliko roketi.

Lakini chai inaipenda mvua. Miezi ambayo mgeni anaambiwa asije ndiyo miezi ambayo michai inachipua haraka, wachumaji wakiwa ndani ya aproni za plastiki tangu alfajiri, majani mawili na chipukizi, trekta zikiburuta mizigo kwenye matope kwenda kiwandani. Msimu wa chini wa hoteli ni msimu wa juu wa chai. Ukija Januari unaona mandhari. Ukija Mei unaona kazi.

Tena mvua hiyo ndiyo iliyoleta historia yote ya hapa.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, ikapitia kituo kilichoitwa Lumbwa, leo Kipkelion. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya kikoloni ikatenga ekari 25,000 Kericho kwa ajili ya maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani. Mtu amepoteza mguu Ulaya, anafidiwa kwa ardhi ya Mkipsigis. Mpango ulikuwa kulima kitani, ule mmea wa kutengenezea nguo. Bei ya kitani ikaporomoka na mradi ukafa ndani ya miaka michache. Hapo ungetarajia ardhi irudi kwa wenyewe, sivyo? Haikurudi. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni ya Brooke Bond ikaingia, James Finlay nayo ikaingia, na chai, iliyokuwa imejaribiwa Limuru tangu 1903, ikapata mahali ilipopataka: udongo mwekundu wenye tindikali na mvua isiyokatika.

Kuna jambo ambalo hakuna kibao cha utalii kinacholisema. Miongoni mwa Wakipsigis na Wanandi, ukoo wa Talai ndio uliotoa orgoiyot, kiongozi wa kiroho aliyeaminiwa kuona yajayo. Koitalel arap Samoei tunamjua wote kutoka vitabu vya shule: aliuawa na Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905, kwenye mkutano uliodaiwa kuwa wa amani. Ndugu yake, Kipchomber arap Koilegen, alikuwa ameenda kwa Wakipsigis. Yeye hatajwi sana. Mwaka 1914 Waingereza walimwondoa wakampeleka Fort Hall, yaani Murang'a, mbali na watu wake.

Halafu mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuwaondoa Walaiboni, jina ambalo wakoloni waliwapa Talai. Sheria nzima kwa ajili ya ukoo mmoja. Haikuuliza nani amefanya nini. Ukizaliwa Talai, basi. Wazee, kina mama, watoto, mamia ya watu wakahamishiwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye joto, mbung'o na mbu. Hebu fikiria ng'ombe waliozoea majani ya Kericho wakifika kule. Fikiria mtoto ambaye hajawahi kuugua malaria. Waliruhusiwa kurudi mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, wakakuta ardhi ina wenyewe wengine. Familia nyingi ziliishia kubanana Kapkugerwet, pembeni mwa mji, na wengine wako hapo mpaka leo, bila shamba, katikati ya mashamba makubwa ya chai.

Mjini penyewe, mvua ikikukimbiza utajikinga vizuri. Kuna gurudwara kubwa nyeupe ya Makalasinga, ambako mgeni hukaribishwa chakula bila kuulizwa dini. Kuna Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililofunguliwa mwaka 2015, paa lake la vigae likiteremka kama kilima, na ndani matao ya zege yanayokufanya ujihisi umo kwenye mbavu za mnyama mkubwa. Kuna Tea Hotel, aliyoijenga Brooke Bond miaka ya 1950 kwa ajili ya watu wake na wageni wao. Watu hupenda kuisimulia kwa huzuni ya majumba ya zamani. Mimi huzuni hiyo sina sana.

Ukiwa na siku ya pili, panda matatu uteremke Litein hadi Bomet. Mandhari yanabadilika bila kutangaza. Yale mashamba yasiyo na ua wala nyumba yanaisha, vinaanza vipande vidogo: chai, mahindi, ng'ombe wawili, mabati. Wakati wa ukoloni Mwafrika wa huku hakuruhusiwa kujilimia chai. Mlango ulifunguliwa karibu na uhuru, na KTDA ilipoundwa mwaka 1964 chai ikawa ya mama mwenye robo ekari pia. Leo viwanda kama Kapkoros na Mogogosiek ni vya wakulima hao, na ukitaka kuanzisha mjadala usioisha kwenye kibanda chochote cha chai, taja bonasi.

Upande wa mashamba makubwa mjadala ni mwingine. Mei 2023, katikati ya mvua hizi hizi, vijana walichoma mashine za kuchuma chai, mashine moja ikiwa inafanya kazi ya watu wengi. Wenye mali nao wanabadilika: Brooke Bond ilinunuliwa na Unilever mwaka 1984, Unilever ikauza, na siku hizi sehemu kubwa iko mikononi mwa kampuni ya Sri Lanka. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali kwamba Wakipsigis na Talai walidhulumiwa. Mwaka 2022 waliishtaki Uingereza kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Wazee waliozaliwa Gwassi wanazidi kupungua, na kila alasiri saa tisa mvua inanyesha kwenye yale mashamba, kisha inafika Kapkugerwet.