Chuo Kilichonyongwa Songea

Wageni wengi wanaofika Makumbusho ya Majimaji hapa Songea huuliza habari za dawa: watu waliaminije kwamba risasi ingegeuka maji? Mimi, katika masomo yangu ya uzamili, nimevutwa na swali jingine. Waliozikwa pale, wakiwemo manduna walioongoza watu vitani, walijifunzia wapi uongozi?

Leo swali kama hilo lina jibu jepesi. Kijana anayetaka kuwa ofisa wa Jeshi la Wananchi hupelekwa Monduli, mkoani Arusha. Huko hupigishwa kwata, hufundishwa ramani na silaha, huchoshwa, kisha hupewa wenzake awaongoze akiwa amechoka vivyo hivyo. Akihitimu hupewa kamisheni na nyota moja begani, na baadhi ya askari atakaowaamuru huwa wamemzidi umri na uzoefu.

Wangoni hawakuwa na jengo. Walikuwa na rika. Babu zao walitoka kusini mwa Afrika katika misukosuko ya enzi za Shaka, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba. Kila walikopita waliteka watu, na kijana wa mateka aliingizwa kikosini pamoja na vijana wa rika lake waliozaliwa Wangoni. Alipewa ngao na mkuki mfupi wa kuchoma. Mkuki huo una somo lake: kazi yake si kurushwa. Anayeutumia lazima amfikie adui, na anayewaongoza wenye mikuki hiyo hawezi kubaki nyuma. Ujasiri ulionekana na wote, ndiyo maana hata mateka hodari aliweza kupanda cheo.

Lakini mafunzo yoyote huandaa watu kwa vita ambavyo walimu wao wamekwisha kuviona. Oktoba 1905 kikosi cha Kapteni Nigmann, chenye bombomu, kiliwashambulia Wangoni waliokuwa wamekusanyika kwa wingi kambini. Kukaa pamoja na kusonga pamoja, nguvu yao ya miaka yote, kukawarahisishia Wajerumani shabaha. Siku ile watu wengi waliacha kuiamini dawa.

Kilichofuata hakisimuliwi sana. Nkosi Chabruma wa Mshope aliacha vita vya uwanjani, akapigana porini kwa vikundi vidogo hadi mwaka 1906, kisha akakimbilia Msumbiji, alikouawa. Kubadili mbinu katikati ya kushindwa ni mtihani mgumu kwa kamanda yeyote, hata aliyesomea chuoni.

Wajerumani walijibu kwa njaa na kwa kamba. Walichoma vyakula na mashamba. Tarehe 27 Februari 1906 walinyonga watu zaidi ya 60, akiwemo Nkosi Mputa Gama. Nduna Songea Mbano naye alinyongwa, na inasimuliwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani.

Nionavyo mimi, hesabu yao ilikuwa ya kijeshi. Mkuki uliovunjika hufuliwa mwingine kwa siku moja. Mtu anayejua kumtuliza kijana kabla ya mapambano, na anayejua lini amwambie arudi nyuma, hupatikana kwa miaka mingi. Pale mtini hawakuua wapiganaji tu, walifunga chuo.

Baada ya hapo Mwafrika alikuwa askari, ofisa alikuwa Mzungu. Hali hiyo haikubadilika sana Waingereza walipochukua nchi, na hata baada ya Uhuru wa 1961 Waingereza waliendelea kuliongoza jeshi. Hilo, pamoja na mishahara, lilichochea maasi ya Januari 1964 katika kambi ya Colito. Septemba mwaka huo likazaliwa JWTZ, na aliyekabidhiwa uongozi, Mrisho Sarakikya, alikuwa amesomea Sandhurst, Uingereza. Kutoka kitanzi cha Songea hadi hapo ni miaka 58.

Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika hapa, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea. Likipatikana, litazikwa kwa heshima, na itakuwa haki. Ila ningependa pia kila ofisa mwanafunzi wa Monduli, kabla ya kuvaa nyota, asimame Songea na kusoma mambo mawili: kilichotokea Oktoba 1905, na alichofanya Chabruma baada yake.