Masurufu Si Ujira

Mtumishi anapotumwa na mwajiri wake kuhudhuria kongamano katika mji wa mbali, hupewa nauli na posho ya kujikimu, naye akirejea hujaza fomu ya marejesho ya masurufu, akaambatisha tiketi na risiti zake. Fomu hiyo nimeijaza mara nyingi katika utumishi wangu, nami daima nimeiona ina safu ya nauli, na ya malazi, na ya chakula, lakini safu ya saa haimo. Ile Jumapili niliyoshinda basini toka Tanga hadi Dodoma, ilhali wenzangu wamo majumbani na ahali zao, haikuandikwa popote, kana kwamba haikuwa siku katika umri wangu.

Rai yangu ni kwamba masurufu ni fidia ya gharama, na ujira ni thamani ya wakati, wala deni moja halilipi jingine. Wako watakaosema kwamba posho hubaki, na kwamba watumishi huzigombania safari kwa sababu hiyo. Ni kweli kwamba aghalabu hubaki. Lakini hubaki kwa kuwa msafiri amelala gesti ya bei ndogo na kula mara moja kwa siku, yaani ameununua ujira wake kwa njaa yake mwenyewe.

Kanuni za Marekani zinazofasiri sheria ya kazi ya mwaka 1938 zimelitazama jambo hili kwa makini. Mkutano hauhesabiwi kuwa kazi endapo tu masharti manne yametimia kwa pamoja: uwe nje ya saa za kazi, mtu aende kwa hiari yake, usihusiane na kazi yake, wala asifanye kazi yoyote humo. Na safari ya kulala nje, ikipita katika saa za kawaida za kazi za msafiri, huhesabiwa kuwa kazi hata ikiwa ni Jumapili. Ila muda wa abiria anayesafiri nje ya saa hizo hauhesabiwi, na hapo naona insafu imepungua, maana usiku wa njiani si usiku wa kitandani.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa juma, saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu, na saa ya siku ya mapumziko ilipwe maradufu. Lau kila mwajiri angeuliza, kabla ya kutia saini safari, ni kwa amri ya nani na kwa manufaa ya nani mtu huyu anaondoka kwake, jawabu lingemwelekeza kuzilipa saa za safari kwa viwango hivyo. Basi na iongezwe katika fomu ile safu moja tu, ya saa ya kuondoka na saa ya kurejea, ili haki ya msafiri ipate mahali pa kuandikwa.